Nyati wa kilo 600 anafika Maganzo na kilo ngapi?

Mwaka 1947 ilipatikana Mwadui, jirani na Maganzo mkoani Shinyanga, almasi ya rangi ya waridi yenye uzito wa karati 54.5. Dk. John Williamson, mwenye mgodi, aliitoa zawadi ya harusi kwa Elizabeth, binti mfalme wa Uingereza aliyekuja kuwa malkia. Wakataji wa London walipomaliza kuichonga na kuing'arisha zikabaki karati 23.6. Zaidi ya nusu ya jiwe iliishia kwenye kazi ya kukata. Mnunuzi wa almasi pale Maganzo hashangai akisikia hivyo, kwa sababu kila siku analipia jiwe ghafi huku kichwani akipiga hesabu ya kitakachobaki.

Hesabu hiyohiyo huwa tunaisahau tukizungumzia nyamapori. Tunasikia nyati wa kilo 600 ameangushwa, tunazidisha 600 kwa bei ya kilo buchani, na tayari tunaona milioni sita zimelala chini ya mgunga. Milioni sita hizo hazipo. Kilichopo ni mnyama mwenye joto la nyuzi 38, tumbo lililojaa majani yanayoendelea kuchacha, na saa chache za kuamua kama kitoweo hicho kitafikia sufuria ya mtu au kitaishia kwa fisi. Nimeona niipige hesabu hiyo hatua kwa hatua, kwa sababu tangu Serikali ilipofungua mlango wa bucha za nyamapori mwaka 2020, maneno mengi yamesemwa kuhusu leseni na bei, na machache sana kuhusu kisu.

Tuanze na mizani. Dume la nyati mzima huwa kati ya kilo 500 na 800, nami nachukua 600 ili hesabu ifuatike. Damu inayomwagika tuikadirie kilo 20. Tumbo na utumbo pamoja na vilivyomo ni kilo 130, na hapo hakuna kutia chumvi: mnyama anayekula majani makavu kutwa nzima anatembea na shehena ya majani yaliyolowa. Ngozi ya nyati, nene kama mkeka wa lori, kilo 55. Kichwa na pembe 35, kwato na miguu ya chini 15, halafu moyo, maini, mapafu na figo kilo 25. Jumla ya vyote hivyo ni kilo 280. Zinabaki kilo 320 za mzoga uliochunwa, yaani asilimia 53 ya aliyeanguka.

Kazi haijaisha. Mzoga ukipoa hupoteza maji, tuseme kilo 6. Nyama iliyochakazwa na risasi, ile yenye damu iliyoganda na vipande vya mfupa, lazima ikatwe na kutupwa, na kwa risasi iliyopita begani kilo 9 ni za kawaida. Sasa tuna 305. Ukitoa mifupa, mishipa na utando, kilo 75 nyingine zinaondoka, na kwenye turubai inabaki nyama tupu ya kilo 230. Ni asilimia 38 ya nyati, pungufu hata ya kile kilichobaki kwenye ile almasi ya waridi. Mifupa nayo ina wenyewe, maana supu ya asubuhi haipikwi kwa sarara, lakini mifupa hiyo nitairudia, kwa sababu kuibeba au kuiacha ni uamuzi wenye bei yake.

Hayo ni makadirio ya mnyama aliyepigwa vizuri. Risasi ikipita tumboni hesabu yote inavurugika. Majani yanamwagika ndani, yanagusa sarara iliyolala chini ya uti wa mgongo na kusambaa hadi mapajani, na hapo kila unachokiosha kwa maji machache ya dumu unazidi kukisambaza. Wachunaji wazoefu hawaoshi. Wanakata na kutupa sehemu yote iliyochafuka. Ndiyo maana ninaamini mwindaji anayesubiri dakika kumi zaidi apate upande ulio wazi ameokoa nyama nyingi kuliko mwenye friji kubwa.

Sasa saa. Mnyama akifa moyo unasimama lakini joto halisimami. Vijidudu vya tumboni vinaendelea kuchachusha majani, gesi inajaa, na tumbo lililofungwa linafanya kazi ya jiko lililofunikwa. Bakteria waliopata joto na unyevu wanavyovipenda wanaweza kuongezeka maradufu kila dakika 20. Kwa kasi hiyo, mmoja wa saa tatu asubuhi anakuwa 512 ifikapo saa sita mchana, na ifikapo saa tisa alasiri wamezidi 260,000. Kwa hiyo kutoa tumbo ni kazi ya saa ya kwanza, kabla ya picha na kabla ya chai. Ngozi inafuata. Ngozi ya nyati ni blanketi, na kuiacha mwilini katika jua la Meatu, mkoani Simiyu, kwa kisingizio kwamba inazuia nzi ni kuipika nyama kwa mvuke wake wenyewe. Kwa nzi kuna chandarua, kuna moshi, na kuna kivuli chenye upepo.

Sehemu inayowashinda wengi ni paja. Juu linaweza kuwa limepoa na kukauka vizuri, ukiligusa unaridhika, kumbe kandokando ya mfupa wa paja, katikati kabisa, joto la mnyama aliye hai bado lipo saa nyingi baadaye. Nyama inaanzia huko ndani kuoza, na mtu hajui mpaka siku ya pili anapochoma kisu na kukutana na harufu. Dawa yake haina gharama: fuata mfupa kwa kisu, ufungue paja tangu siku ya kwanza, hewa iingie. Katika nyati wetu mapaja mawili ni karibu theluthi ya nyama tupu, kwa hiyo paja moja ni kilo 38. Tukichukua Sh 10,000 kwa kilo, paja lililoozea mfupani ni Sh 380,000. Kumbuka namba hiyo.

Barafu nayo ina hesabu ambayo sijaona ikifanywa hadharani, na ni rahisi. Kupunguza joto la kilo moja ya nyama kwa nyuzi moja kunahitaji kuondoa kilojuli 3.4 hivi. Kilo 230 kutoka nyuzi 38 hadi nyuzi 4 ni takriban kilojuli 26,600. Kilo moja ya barafu inapoyeyuka inameza kilojuli 334. Ukigawanya unapata kilo 80 za barafu, kama hakuna tone linalopotea. Njiani linapotea, sanduku linafunguliwa, bati la gari linaunguza, hivyo panga kilo 160. Watu wanaokwenda porini na masanduku mawili ya barafu ya kupoozea soda hawajaipiga hesabu hii.

Lakini Shinyanga na Simiyu zina barafu ya bure, nayo ni usiku wa kiangazi. Mwezi Julai, usiku unaposhuka hadi nyuzi 15 au 16, nyama iliyokatwa vipande na kutundikwa kwa kuachanishwa inaweza kushuka hadi nyuzi 20 kabla ya alfajiri. Nyuzi hizo 18 zilizoondolewa na upepo ni sawa na kilo 42 za barafu zisizonunuliwa. Faida hiyo anaipata aliyekata vipande. Aliyetundika robo nzima na mfupa wake hapati hata nusu yake, na mnyama aliyeangushwa saa nne asubuhi hawezi kuusubiri usiku huo akiwa mzima. Alasiri ndiyo saa ya kuwinda kwa anayefikiria nyama, ilimradi mwanga utoshe kumchuna.

Na watu je? Tuseme wachunaji sita, saa tatu za kazi. Visu sita, vinoo viwili, shoka moja la kupasulia kifua na nyonga, kamba, turubai. Robo moja ya mzoga ina kilo 80, mzigo wa watu wawili na mti mabegani, nao huo mti haupiti kirahisi kwenye miiba. Nyama tupu ikigawanywa kwenye mifuko ya kilo 20 ni mizigo 12. Gari likiwa limekwama kilomita moja na nusu kutoka kwa mnyama, kila mmoja anakwenda safari mbili, jumla kilomita sita za mguu, na jua bado lipo. Anayetaka kuleta mifupa anaongeza kilo 75, takriban mizigo minne zaidi, na barafu zaidi ya kupoozea mifupa isiyoliwa.

Hapo ndipo inaingia historia ya Shinyanga, kwa sababu gari letu linatoka mbali na kuna sababu ya kutoka mbali. Katika miaka ya 1920 na 1930, Charles Swynnerton na watafiti wa mbung'o waliweka kambi Shinyanga na kuwatia watu katika kazi kubwa ya kufyeka vichaka. Baadaye, katika miaka ya 1940, likafanyika jaribio la kuua wanyamapori katika eneo kubwa la Shinyanga ili kuona kama mbung'o atakufa kwa kukosa damu. Waliuawa maelfu. W. H. Potts na C. H. N. Jackson waliandika matokeo yake mwanzoni mwa miaka ya 1950. Ukiongeza pamba, ng'ombe, kuni na migodi, unapata Kishapu ya leo, wilaya yenye Maganzo: nchi tambarare, yenye mifugo mingi na nyamapori haba. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986, uliirudisha miti kwa kuzifufua ngitili, yaani hifadhi za malisho za Wasukuma, nao unastahili heshima yote tunayoweza kuupa. Ngitili zimeleta ndege, asali na malisho. Nyati hazikumleta.

Kwa hiyo mtu wa Maganzo anayetaka nyamapori halali anatazama mashariki, Meatu, kwenye Jumuiya ya Hifadhi ya Makao na Pori la Akiba la Maswa, kandokando ya Serengeti. Tuchukulie kwenda na kurudi, pamoja na mizunguko ya porini, ni kilomita 360. Gari la kazi linalokwenda kilomita sita kwa lita litakunywa lita 60. Kwa Sh 3,000 kwa lita, ni Sh 180,000. Wachunaji sita kwa Sh 20,000 kila mmoja, Sh 120,000. Barafu kilo 160 kwa Sh 300, Sh 48,000. Jumla ni Sh 348,000, bila leseni, bila risasi, bila ujira wa mwindaji, bila ushuru. Ukigawa kwa kilo 230, kila kilo imebeba Sh 1,513.

Rudi sasa kwenye paja. Gari, watu sita na barafu yote vimegharimu Sh 348,000. Paja moja ambalo mtu alichoka kulifungua lina thamani ya Sh 380,000. Ukinitaka nikuonyeshe mahali fedha ya nyamapori inapopotelea, nitakuonyesha hapo, kwenye dakika ishirini za kisu ambazo hazikufanywa kwa sababu giza lilikuwa linaingia na watu walikuwa na njaa.

Mweke swala pala kwenye mizani hiyohiyo. Kilo 55 akiwa hai, kilo 31 hivi akichunwa, maana swala huacha mzoga mzuri kuliko nyati, na nyama tupu kilo 23. Gari halijui kama limekwenda kwa swala au kwa nyati: Sh 180,000 zilezile. Watu wawili, Sh 40,000. Barafu kilo 16, Sh 4,800. Jumla Sh 224,800, sawa na Sh 9,774 kwa kilo. Kama kilo inauzwa Sh 10,000, zimebaki Sh 226 za kulipia leseni, risasi, mwindaji, ushuru na faida ya mwenye bucha. Swala ni nyama ya anayeishi karibu naye. Akisafirishwa peke yake hadi Maganzo anakuwa hasara yenye pembe.

Jambo hili limewahi kujaribiwa kweli, tena karibu tu na kwetu. Katika miaka ya 1990, mradi wa uhifadhi wa kanda ya Serengeti uliokuwa ukifadhiliwa na Norway ulikuwa ukivuna wanyama, nyumbu wakiwemo, na kuwauzia wananchi wa vijiji vya magharibi mwa hifadhi nyama halali, kwa matumaini kwamba nyama hiyo ingepunguza ujangili. Mwaka 2002, watafiti wa Norway na Tanzania walichapisha katika jarida la Oryx uchambuzi wao, na jibu lao lilikuwa kwamba uvunaji ule haukujilipa wenyewe. Nadhani mtu yeyote aliyewahi kulipia mafuta ya gari anaelewa. Nyumbu anahama, gari linamfuata, na kilo zake ni chache sana kuliko za nyati.

Mwenye waya wa kutegea hana gari la kulipia. Utafiti wa miaka ya 1990 ulikadiria nyumbu wapatao 40,000 wakichukuliwa kinyume cha sheria kila mwaka katika mfumo wa Serengeti. Nyama hiyo ni rahisi mfukoni, lakini ina kasoro ambayo mlaji haioni: hakuna anayejua mnyama alikufa saa ngapi. Mtego unategwa jioni na kukaguliwa alfajiri, au kesho yake. Saa zote zile nilizozihesabu hapo juu, tumbo limefungwa na ngozi iko mwilini. Na mnyama aliyekutwa amekufa bila sababu inayoonekana, tumbo limevimba haraka, damu nyeusi isiyoganda ikitoka puani na nyuma, huyo asipasuliwe kabisa. Kimeta hukaa kwenye udongo kwa miongo, na kisu ndicho kinachokifungulia hewa kikapata kujigeuza mbegu ngumu. Hapo kazi ni kurudi nyuma na kumwita afisa mifugo au askari wa wanyamapori.

Kuhusu mifupa, nilisema nitairudia. Nyati hubeba virusi vya ugonjwa wa miguu na midomo bila kuonekana mgonjwa. Nyama inapokomaa baada ya kifo asidi yake huviua virusi hivyo, lakini kwenye uboho na kwenye tezi asidi hiyo haifiki. Kishapu inaishi kwa ng'ombe, na mnada mmoja ukifungwa kwa ugonjwa, hasara yake inazidi nyati wote waliotajwa hapa. Kwa hiyo mimi ningeiacha mifupa porini, na tezi pia, hata kama supu ya mifupa inanililia. Kilo 75 za supu hazifai kuwekwa rehani dhidi ya zizi la jirani.

Kuna mkato mmoja ambao hauna uzito wowote kwenye mizani na bado unaamua soko. Mnyama akianguka, mara nyingi anakimbiliwa na Mwislamu mwenye kisu, amwahi akiwa bado na pumzi, amchinje kwa jina la Mwenyezi Mungu. Akikuta ameshakata roho, na risasi nayo ilitoka bila jina hilo kutajwa, kwa wateja wengi huyo ni nyamafu, hata awe mnono vipi. Katika ukanda huu hatuna sababu ya kulichukulia jambo hili kirahisi. Februari 2013, Buseresere mkoani Geita, mgogoro wa nani achinje nyama ya buchani ulifika mahali pa kumwaga damu ya mtu. Bucha ya nyamapori inayotaka kuuzia watu wote wa Maganzo inapaswa kujua, na kuandika ukutani, mnyama alichinjwa na nani.

Sheria nayo inahesabu kwa karatasi. Chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, nyama ya mnyamapori isiyo na hati ni nyara ya Serikali, na kukutwa nayo ni kesi nzito. Kanuni za mwaka 2020 ziliruhusu bucha zilizosajiliwa, chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, TAWA, kuuza nyama iliyotoka kwenye uwindaji wenye leseni na kwenye ranchi na mashamba ya wanyamapori. Kwa hiyo mfuko wa kilo 20 unaotoka Meatu bila karatasi, hata ukiwa safi namna gani, ni hatari kwa anayeubeba.

Ipo njia nyingine ambayo Msukuma hahitaji kufundishwa, kwa sababu anayekausha viazi vikawa michembe anaujua ubishi wa maji na jua. Nyama mbichi ni maji robo tatu. Kata kilo 230 vipande virefu vyembamba, tia chumvi kilo 9 hivi, tundika kwenye kivuli chenye upepo na moshi kidogo, na utarudi na kilo 75 zisizohitaji barafu. Mizigo 12 imekuwa minne. Bei yake kwa kilo lazima iwe zaidi ya mara tatu ya nyama mbichi ili mtu asipate hasara, na bucha nyingi hazijui kuiuza. Kwa swala pala, aliyetushinda kwa Sh 226, kukausha kunaruhusu kusubiri: swala wanane au kumi wa siku tofauti wanakusanyika kambini, gari likaja mara moja.

Tupime na ukubwa wa soko lenyewe. Bucha moja ndogo inayouza kilo 40 kwa siku, siku sita kwa wiki, inahitaji kilo 240, yaani nyati mmoja na kidogo kila wiki. Tukihesabu msimu wa Julai hadi Desemba, wiki 26, ni nyati 27 kwa bucha moja. Kwa swala pala ni zaidi ya kumi kwa wiki, zaidi ya 270 kwa msimu. Hizo ni namba za kupeleka kwa wanaopanga mgao wa vitalu kabla ya kupaka rangi ukuta wa duka, na pembeni yake iandikwe ile hesabu ya mapaja: nyati 27 ni mapaja 54, na kila moja lisipofunguliwa siku ileile ni kilo 38 zilizowindwa, zikalipiwa leseni, zikabebwa mabegani kwenye miiba, na hazikulisha mtu.